Tiba ya Umeme: Je, Alilazwa Usingizi? Je, Aliulizwa?



Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa tetesi tu: tiba ya umeme, ile ambayo mgonjwa wa akili hupitishwa umeme kichwani mpaka apate degedege. Likitajwa barazani, mmoja atasema "wanawachoma watu ubongo". Mwengine atakumbuka filamu aliyoiona, mtu amefungwa kitandani anapiga mayowe. Wa tatu atanyamaza, kwa sababu ana ndugu yake anayeumwa na hataki kulisikia neno hilo.

Kisha siku inakuja, familia imempeleka mama yao kutibiwa nje, pengine India ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa, na daktari anasema: "Dawa hazijasaidia. Tunashauri tiba ya umeme." Wanawe wanaanza kulia kabla ya kuuliza chochote. Au wanatia saini bila ya kuuliza, kwa kuwa daktari kasema. Hali zote mbili zinatutia wasiwasi, na ndiyo maana tumeona tuiandike historia ya tiba hii kwa Kiswahili chetu, tangu ilipoanza, ilivyoenea, ilivyochukiwa na ilivyorudi.

Katika historia yote hiyo ya zaidi ya miaka 80, tumeona maswali mawili yanajirudia. La kwanza: mgonjwa alilazwa usingizi kabla ya umeme? La pili: aliambiwa ukweli, akaulizwa, akakubali? Pale majibu yalipokuwa ndiyo, tiba hii imeokoa watu. Pale yalipokuwa hapana, imevunja watu mifupa na imani. Na kwa kuwa katika nchi za Magharibi takriban theluthi mbili ya waliotibiwa hivi ni wanawake, habari hii inatuhusu sana sisi.

Ilianzaje?

Ilianza kwa nadharia iliyokuwa na makosa. Katika miaka ya 1930 daktari wa Hungaria, Ladislas Meduna, aliamini kwamba kifafa na skizofrenia ni maradhi yanayopingana, kwamba mtu akipata degedege, wazimu utamtoka. Mwaka 1934, mjini Budapest, alianza kuwachoma wagonjwa sindano ya kafuri ili wapate degedege, kisha akahamia dawa nyengine iliyoitwa kadiazoli. Leo tunajua maradhi hayo hayapingani hivyo. Lakini baadhi ya wagonjwa wake walipata nafuu ya kweli, hata watu ambao kwa muda mrefu walikuwa hawasemi wala hawajigusi.

Tatizo la kadiazoli lilikuwa khofu. Baina ya sindano na degedege kulikuwa na muda ambao mgonjwa alikuwa macho, akihisi kama mauti yanamjia. Aliyechomwa mara moja aliogopa kuchomwa mara ya pili. Madaktari wakaanza kutafuta njia nyengine ya kuleta degedege hilo.

Njia hiyo ilipatikana Roma. Profesa Ugo Cerletti na msaidizi wake Lucio Bini walikuwa wakijaribu umeme kwa mbwa, na mbwa wengi walikufa, kwa kuwa umeme ulipitishwa mwilini mote na kuufikia moyo. Kisha Cerletti akasikia kwamba kwenye machinjio ya Roma nguruwe huuawa kwa umeme. Alipokwenda kutazama aliona kuwa hawauawi. Walibanwa kichwani kwa koleo zenye umeme, wakapata degedege, wakazimia, na wachinjaji wakawachinja wakiwa wamezimia. Wasipochinjwa, walizinduka. Hapo akaelewa kuwa umeme ukipita kichwani peke yake, bila ya kupita kifuani, mnyama hafi.

Aprili 1938 wakamjaribu binadamu wa mwanzo. Alikuwa mwanamme aliyeokotwa na polisi kwenye stesheni ya treni ya Roma, anasema maneno yasiyoeleweka, hana jamaa karibu wa kumsemea. Kwa maelezo ya Cerletti mwenyewe, umeme wa mwanzo ulikuwa mdogo na haukuleta degedege. Walipokuwa wakizungumza juu ya kurudia, mgonjwa alisema kwa ufasaha kabisa kwamba wasirudie, maana itamuua. Wakarudia. Baada ya vikao kadhaa alipata nafuu akarudi nyumbani kwake, ingawa baadaye maradhi yalimrejea.

Tuangalie hapo. Neno la kwanza lenye maana lililotoka kinywani mwa mgonjwa wa kwanza wa tiba hii lilikuwa la kukataa, na waliokuwepo walilisikia. Hawakuwa watu wakatili. Walikuwa madaktari waliotaka kumponya, na kwa muda walimsaidia. Lakini desturi ya kutomuuliza mgonjwa ilizaliwa siku ile ile ilipozaliwa tiba yenyewe.

Miaka ya kuenea

Umeme ulikuwa na sifa moja kubwa kuliko kadiazoli: mgonjwa alipoteza fahamu papo hapo, na hakukumbuka degedege lenyewe. Halafu ulikuwa rahisi. Mashine moja ilitosha hospitali nzima. Mwaka 1939 tiba hii ilikuwa imeshafika Bristol, Uingereza. Daktari Lothar Kalinowsky, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa amekimbilia Roma kwa kuwakwepa Wanazi, aliishuhudia hapo kisha akaieneza nchi alizopita, mpaka Marekani mwaka 1940.

Inafaa tukumbuke hospitali za akili zilikuwaje wakati huo. Zilijaa maelfu ya watu, wauguzi wachache, na dawa za maana hazikuwepo kabisa. Mtu mwenye sonona kali, ile huzuni ya kumfanya asile, asilale na asitamani kuishi, angeweza kukaa humo miaka. Tiba ya umeme ilipowainua wengine ndani ya wiki chache wakarudi kwa watoto wao, madaktari waliiona ni neema. Na kwa sonona hiyo, hawakukosea. Kosa lilikuwa kuitumia kwa kila kitu na kwa kila mtu: kwa skizofrenia, kwa wasiwasi, kwa mgonjwa mwenye kelele na kwa mgonjwa mkaidi. Katika baadhi ya wodi wagonjwa walipangwa foleni, na wa nyuma aliona yanayomfika wa mbele.

Na walikuwa hawalazwi usingizi. Mwili unapopata degedege misuli yote hukaza kwa nguvu kubwa kuliko mtu anavyoweza kukaza kwa hiari yake. Meno yalivunjika, mabega yalitenguka, na pingili za uti wa mgongo zilipata nyufa. Wauguzi walimkamata mgonjwa mikono na miguu asijiumize.

Dawa ya kulegeza misuli ilikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1940 daktari A. E. Bennett wa Nebraska, Marekani, alionyesha kwamba kurare, sumu ya mishale ya watu wa misitu ya Amerika Kusini, ikitumiwa kwa kipimo huzuia mifupa isivunjike. Lakini kurare ilikuwa na khatari zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Uswidi walianza kutumia saksinilikolini, dawa inayolegeza misuli kwa dakika chache tu kisha inaisha mwilini. Kwa kuwa kulegezwa misuli ukiwa macho ni jambo la kutisha, maana hata kupumua mtu hawezi, mgonjwa hulazwa kwanza kwa nusukaputi. Kuanzia hapo kulikuwa na njia ya kuitoa tiba hii bila ya maumivu na bila ya kuvunja mtu. Ila kuwepo kwa njia hakukuwa na maana kwamba kila mtu aliipata.

Bwana Bolam na mifupa yake

Agosti 1954, katika hospitali ya Friern kaskazini mwa London, Bwana John Bolam alipewa tiba ya umeme kwa ajili ya sonona. Aliingia hospitali kwa hiari yake na alikubali kutibiwa. Hakupewa dawa ya kulegeza misuli, wala hakushikwa ipasavyo. Hakuambiwa kwamba tiba hii inaweza kuvunja mifupa. Degedege lilipomkamata, vichwa vya mifupa ya mapaja vilipenya kwenye nyonga zake, kulia na kushoto.

Akashitaki. Mwaka 1957 kesi yake ilisikilizwa, na akashindwa. Mahakama ilieleza kwamba daktari hana kosa la uzembe ikiwa alifanya kama ambavyo kundi la madaktari wenye ujuzi na busara lingefanya. Wakati ule madaktari walikuwa wamegawanyika. Wengine walitumia dawa ya kulegeza, wengine waliona dawa yenyewe ina khatari ya kuua. Na juu ya kumuonya mgonjwa pia waligawanyika. Kwa hivyo hospitali ikatoka salama.

Kesi hiyo ikawa msingi wa sheria ya uzembe wa matibabu, na mahakama za nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza ziliifuata. Kwa karibu miaka 60, kipimo cha kujua kama mgonjwa aliambiwa vya kutosha kilikuwa desturi ya madaktari, na haja ya mgonjwa haikuwa kipimo. Tutairejea hii kabla hatujamaliza, kwa sababu aliyeipindua alikuwa mama mjamzito.

Mwanamke mmoja, tiba ile ile, njia mbili

Mwaka 1953, msichana wa Marekani mwenye miaka 20, Sylvia Plath, mwanafunzi hodari aliyekuja kuwa mshairi mkubwa, alishikwa na sonona. Akapelekwa kwenye tiba ya umeme, na namna alivyotibiwa mara hiyo ilimtisha kupita kiasi. Wiki chache baadaye alijaribu kujitoa uhai. Alipookolewa alipelekwa hospitali nyengine, McLean, ambako daktari wake alikuwa mwanamke aliyemsikiliza na kumjengea imani. Huko alipewa tena tiba ya umeme, ile ile aliyokuwa akiiogopa, na safari hii akapona vya kutosha kurudi chuoni.

Mwaka 1963 alitoa riwaya yake *The Bell Jar* iliyotokana na maisha yake hayo, na ndani yake mmeelezwa tiba zote mbili, ya kutisha na ya kutuliza. Wengi wanaoitaja riwaya hiyo hukumbuka ya kwanza tu. Hatutaki kuficha mwisho wake: sonona ilimrudia, na alifariki mwaka huo huo akiwa na miaka 30. Maradhi haya yana tabia ya kurudi, na tutaligusia hilo pia. Lakini tofauti baina ya mara ya kwanza na ya pili haikuwa umeme. Ilikuwa watu walioushika.

Ilipotumika kama fimbo

Kuna kurasa nzito zaidi. Mjini Montreal, Kanada, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, daktari Ewen Cameron wa taasisi ya Allan Memorial aliwapa wagonjwa umeme mara nyingi kupita mpaka wowote wa matibabu, akawalaza kwa dawa siku nyingi mfululizo, kwa nia ya kufuta akili zao na kuzijenga upya. Sehemu ya fedha za utafiti wake zilitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni wanawake waliokuwa wamekwenda kutafuta msaada wa huzuni baada ya kujifungua. Wengine walitoka hawawakumbuki waume zao wala watoto wao. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa fidia baadhi yao.

Huko New Zealand, katika miaka ya 1970, hospitali ya Lake Alice ilikuwa na wodi ya watoto. Wengi wao hawakuwa na maradhi ya akili. Walikuwa watoto watukutu au wasio na wa kuwalea. Mashine ya umeme ilitumika kuwaadhibu, wakiwa macho. Serikali iliomba radhi na kulipa fidia mwaka 2001, na mwaka 2024 ikakiri rasmi kwamba yaliyofanyika yalikuwa mateso.

Tunayataja haya kwa sababu khofu ya watu juu ya tiba hii haikutoka hewani, na kumwambia mtu "usiogope, ni tiba tu" ni kumdharau. Lakini tuone pia kwamba katika kisa cha Montreal na cha Lake Alice, maswali yetu mawili yote yalijibiwa hapana.

Ilivyopungua

Mambo matatu yaliishusha tiba ya umeme kuanzia miaka ya 1950 mwishoni mpaka 1980.

La kwanza ni dawa. Mwaka 1952, Paris, madaktari walianza kutumia klopromazini kwa wazimu, na mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza imipramini kwa sonona. Mtu akameza kidonge badala ya kupelekwa chumba cha umeme.

La pili ni aibu. Mwaka 1972 nchini Marekani, seneta Thomas Eagleton aliteuliwa kugombea umakamu wa rais. Ilipojulikana kwamba aliwahi kulazwa kwa sonona na kutibiwa kwa umeme, alilazimika kujitoa baada ya siku 18. Watu wakaona kwamba hata ukipona, jina la tiba litakufuata.

La tatu ni filamu. *One Flew Over the Cuckoo's Nest* ilitoka mwaka 1975, na picha ya mgonjwa anayepewa umeme akiwa macho ili anyamaze ikaingia vichwani mwa watu dunia nzima. Wakati filamu hiyo inatoka, hospitali nyingi za nchi tajiri zilikuwa zimeshaacha kufanya hivyo, lakini picha ni kitu kigumu kukifuta. Mwaka 1982 wakaazi wa mji wa Berkeley, California, walipiga kura kuipiga marufuku kabisa, na mahakama ikaja kuitengua marufuku hiyo. Hata nchini Italia, ilikozaliwa, sasa inatumika kwa nadra sana. Slovenia iliwahi kuachwa kutolewa kabisa.

Uchunguzi nao ulifichua mengi. Ule uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 1981 ulionyesha mashine kuukuu, madaktari wanafunzi walioachiwa kazi bila ya kufundishwa, na vyumba visivyofaa. Madaktari wenyewe waliona haya. Kutoka hapo ndipo vikaanza viwango, mafunzo na ukaguzi.

Ilivyorudi kimya kimya

Tiba ya umeme haikufa. Ilibaki kwa sababu kuna wagonjwa ambao dawa haziwafikii, au haziwafikii kwa wakati. Mwaka 2003 uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la *Lancet* ulikusanya tafiti za miaka mingi na kuona kuwa kwa sonona kali tiba hii inashinda dawa kwa muda mfupi, na inashinda pia tiba ya kuigiza, ambapo mgonjwa hulazwa usingizi bila ya kupewa umeme. Mwaka huo huo taasisi ya Uingereza inayopanga miongozo ya matibabu iliiwekea mipaka: itumike kwa sonona kali, kwa wazimu wa kuchachawa uliodumu, na kwa hali ya mgonjwa kuganda asiseme, asile wala asisogee. Nchini Uswidi, ambako wanaweka daftari la taifa la kila anayetibiwa hivi, takriban watu 4,000 walitibiwa mwaka 2013.

Leo inafanywaje? Mgonjwa hafungui kinywa kwa chakula tangu usiku, kama anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Daktari wa usingizi humchoma nusukaputi, akalala. Kisha hupewa dawa ya kulegeza misuli, hupewa oksijeni, na huwekewa kitu laini mdomoni kulinda meno. Umeme hupita kwa sekunde chache. Degedege huonekana zaidi kwenye mashine ya kupima ubongo kuliko mwilini. Pengine kidole cha mguu tu ndicho kinachotetemeka. Humalizika kabla ya dakika moja au kidogo zaidi. Mgonjwa huzinduka baada ya dakika kadhaa, kachanganyikiwa kidogo, kichwa kinamuuma. Kwa kawaida hurudiwa mara 2 au 3 kwa wiki, jumla mara 6 mpaka 12. Vifo ni takriban 2 katika kila vikao 100,000, na khatari hiyo inatokana zaidi na nusukaputi na hali ya moyo.

Kwa sisi kina mama kuna jambo la kulijua hapa. Kati ya kila wanawake 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili hupata wazimu mkali baada ya uzazi, mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo. Halali, anasikia sauti, anaweza kujidhuru au kumdhuru mwanawe. Wengi wetu hukimbilia kusema kaingiliwa na jini, akazungushwa kwa kisomo na kombe huku siku zinapita. Kisomo hakizuiwi na mtu, lakini huyu ni mgonjwa wa dharura, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wengi hupona kwa dawa. Wale wasiosikia dawa, tiba ya umeme imewasaidia wengi, na imetumika hata kwa wajawazito chini ya uangalizi.

Ina madhara? Inayo, na kubwa ni kusahau. Wengi husahau mambo ya wiki zile za tiba, na huwarudia uwezo wa kushika mambo mapya. Lakini wengine hupoteza kabisa kumbukumbu za miezi kabla ya tiba, pengine na zaidi. Bibi Kitty Dukakis, ambaye mumewe aligombea urais wa Marekani mwaka 1988, aliugua sonona miaka mingi na dawa hazikumfaa. Mwaka 2001 alianza tiba ya umeme, na mwaka 2006 akaandika kitabu kueleza kwamba ilimrudishia maisha. Hakuficha kwamba ilimchukulia kumbukumbu za safari na matukio aliyoyapenda. Kwake yeye, biashara ile ilikuwa na faida. Mwengine anaweza kupima akaona vyengine, na haki ya kupima ni yake.

Jengine ni kwamba tiba hii huinua mtu, lakini haimlindi milele. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwafuata waliopona kwa muda wa miezi 6. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, 84 katika kila 100 waliugua tena. Waliopewa dawa mbili pamoja, 39. Kwa hivyo mgonjwa akirudi nyumbani anacheka, asiachishwe dawa kwa sababu "kashapona".

Mama aliyeipindua kesi ya Bolam

Sasa turudi mahakamani. Mwaka 1999 huko Scotland, Bibi Nadine Montgomery, mama mwenye kimo kidogo na maradhi ya sukari, alikuwa karibu kujifungua mtoto mkubwa. Akina mama wenye sukari wana uwezekano wa takriban 9 mpaka 10 katika 100 kwamba mabega ya mtoto yatakwama. Daktari wake, naye mwanamke, hakumwambia, kwa kuona kwamba akimwambia atataka upasuaji. Mabega yalikwama, mtoto akakosa hewa, akapata ulemavu.

Mahakama za chini zilitumia kipimo cha Bolam, na mama akashindwa. Hakuacha. Machi 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikampa haki, na ikasema kwamba daktari lazima amueleze mgonjwa khatari ambayo mtu wa hali yake angeona ina uzito, pamoja na njia nyengine zilizopo. Desturi ya madaktari siyo kipimo tena katika jambo la kumuarifu mgonjwa. Alichokosa Bwana Bolam kitandani mwaka 1954, mama mmoja alikipata kwa ajili ya wagonjwa wote, miaka 61 baadaye.

Kwa upande wa tiba ya umeme hasa, sheria ya akili ya Uingereza ilivyorekebishwa mwaka 2007 inasema mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua akikataa, hapewi, isipokuwa kwa dharura kubwa. India nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2017, imepiga marufuku kutoa tiba hii bila ya nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli. Familia inayompeleka mgonjwa huko iyajue hayo.

Na sisi je?

Hospitali zetu za akili za Afrika Mashariki, Mathari ya Nairobi, Mirembe ya Dodoma, Butabika ya Kampala, zilijengwa zama za ukoloni, wakati nia ilikuwa zaidi kuwafungia watu kuliko kuwatibu. Urithi huo tunao mpaka leo katika namna tunavyozitaja. Hapa Unguja, mtu akiambiwa "utapelekwa Kidongo Chekundu" anajua katukanwa.

Mapitio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba katika nchi nyingi za Asia, Afrika na Amerika Kusini tiba ya umeme ilikuwa bado ikitolewa bila ya kumlaza mgonjwa usingizi. Sababu kubwa ni uhaba wa madaktari wa usingizi na vifaa. Shirika la Afya Duniani limeshasema zamani kwamba njia hiyo iachwe. Umaskini ni udhuru unaoeleweka, ila mfupa wa maskini huvunjika kama wa tajiri.

Kwa hivyo, dada zetu, ikitokea mnaambiwa juu ya mzazi, ndugu au mtoto wenu, msikimbie na wala msitie saini kwa haraka. Ulizeni: Atalazwa usingizi, na nani daktari wa usingizi? Atapewa dawa ya kulegeza misuli? Kwa nini tiba hii na si nyengine? Mara ngapi? Kumbukumbu zake zitaathirika vipi, na mtazipima vipi? Baada ya hapo atatumia dawa gani asiugue tena? Na la mwisho, ambalo familia zetu husahau kwa mapenzi: yeye mwenyewe ameelezwa? Kasemaje? Mgonjwa wa akili hubaki mtu mzima mwenye kauli, na siku nyingi anaelewa zaidi ya tunavyodhani. Akiwa hawezi kuamua leo, arudiwe kuulizwa kila anapopata nafuu.

Daktari mzuri hatachukia maswali hayo. Atakaa akayajibu.

Mola awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaouliza kwa upole na kusimama na wao mpaka mwisho. Amin.